Tusiliache Jimbo la Ubungo la zamani lifutike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo nimekuwa nalo moyoni tangu Mei 2025, pale Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya manane ya ubunge. Mawili kati ya hayo ni ya hapa Dar es Salaam: Kivule, lililomegwa kutoka Ukonga, na Chamazi, lililomegwa kutoka Mbagala. Kumegwa kwenyewe sikupingi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na hata baada ya majimbo kufika 12 bado kila mbunge wa Dar es Salaam anabeba wastani wa watu karibu 449,000. Ninachokililia ni kumbukumbu. Kila jimbo linapogawanywa katika jiji hili, lile la mwanzo hufutika kana kwamba halikuwahi kuwa na mipaka, wapigakura wala wabunge, na mfano ninaoufahamu vizuri kuliko yote ni wa Jimbo la Ubungo kama lilivyokuwa tangu uchaguzi wa 1995 hadi lilipogawanywa mwaka 2015.

Siku chache baada ya tangazo hilo nilikuwa nimeketi kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa nikisubiri barua ya utambulisho. Kijana aliyeketi pembeni yangu, baada ya kunipa shikamoo na kunijulia hali, alianzisha mazungumzo ya majimbo mapya, kisha akasema kwa uhakika kabisa: “Mzee wangu, Ubungo ilikuwa ya CCM tangu enzi, mpaka Mnyika wa CHADEMA alipokuja mwaka 2010.” Nikamwuliza kama amepata kulisikia jina la Dk. Masumbuko Lamwai. Akatikisa kichwa. Kijana huyo ana shahada na amezaliwa Sinza, na Sinza ilikuwa ndani ya jimbo lile lile lililompeleka Lamwai bungeni. Sikumlaumu hata kidogo, kwa sababu nilipojaribu kukumbuka ni wapi angeweza kulisoma jina hilo katika kata yake, ukutani, maktabani au kwenye ubao wa ofisi yoyote ya umma, sikupata hata mahali pamoja pa kumwelekeza.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Ninaishi Malamba Mawili, ambayo sasa imo katika Kata ya Msigani, kwenye nyumba niliyoanza kuijenga mwaka 1993 kwa tofali za kufyatua mwenyewe. Nyumba hiyo haijahama hata hatua moja, lakini nikiwa ndani yake nimepiga kura za ubunge mara nne katika Jimbo la Ubungo na mara mbili katika Jimbo la Kibamba. Ndiyo maana naweza kusema kwamba Ubungo ya leo na Ubungo ya wakati ule ni vitu viwili vyenye jina moja. Ubungo ya leo ina kata nane: Ubungo, Kimara, Makuburi, Mabibo, Manzese, Makurumla, Mburahati na Sinza. Ubungo ya zamani ilikuwa na eneo hilo lote pamoja na lile ambalo sasa ni kata sita za Kibamba, yaani Goba, Mbezi, Msigani, Saranga, Kwembe na Kibamba yenyewe. Jimbo lilianzia kwenye vichochoro vya Manzese, likafuata Barabara ya Morogoro kupita kiwanda cha nguo cha Urafiki, likakiacha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam upande wa kaskazini, likapanda Kimara na Mbezi, na kwenda kukomea mpakani mwa Mkoa wa Pwani.

Upande wa chini ulikuwa mji uliobanana, ambako watu wawili wakikutana kichochoroni mmoja hulazimika kugeuka ubavu ili mwenzake apite. Upande wa juu ulikuwa mikorosho, minazi na taa za chemli. Mbunge mmoja alitakiwa asubuhi azungumze na watu wa Mburahati kuhusu maji machafu yanayoingia uvungu wa kitanda, na alasiri ya siku hiyo hiyo asimame Kibamba kusikiliza mgogoro wa mpaka wa shamba. Sijui jimbo jingine la jiji hili lililowaweka pamoja wananchi wenye shida zilizotofautiana kiasi hicho, na naamini tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya wapigakura wake wasifungamane na chama kimoja. Katika miaka 20 jimbo lilichagua wabunge watatu, na kila mmoja alitoka chama tofauti.

Uchaguzi wa 1995 unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndio unaosahaulika zaidi. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati huo tulizoea chaguzi za chama kimoja, ambazo wagombea wawili wa ubunge walitofautishwa kwa picha ya jembe na picha ya nyumba, nawe ukachagua mmojawapo. Oktoba 29, 1995 ilikuwa mara yetu ya kwanza kukuta vyama vingi kwenye karatasi ya kura ya ubunge. Siku hiyo nilikuwa karani wa kituo kimoja cha kupigia kura katika shule ya msingi. Watu walianza kufika saa kumi na moja alfajiri, na waliochoka kusimama waliweka mawe na kandambili kwenye foleni kushika nafasi zao, wakaenda kukaa chini ya mwembe. Saa nne vifaa havijafika, saa saba havijafika. Vilipokuja alasiri, wino ulikuwapo na sanduku lilikuwapo, lakini karatasi za kura hazikutosha hata robo ya mawe yaliyopangwa pale uwanjani. Bibi mmoja aliyetoka ndani sana, upande wa Msingwa, alikataa kuondoka hadi giza lilipoingia, na alipoondoka alilichukua jiwe lake na kulifunga kwenye pindo la khanga, akasema ataliweka pale pale watakapoitwa tena.

Hali ilikuwa hivyo katika vituo vingi vya mkoa, na Tume ya Taifa ya Uchaguzi ya wakati huo ikafuta upigaji kura katika majimbo yote saba ya Dar es Salaam na kuurudia Novemba 19, 1995. Katika marudio hayo Jimbo la Ubungo lilimchagua Dk. Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi, mwanasheria aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naomba wasomaji wapime uzito wa tukio hilo. Huo ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe mwaka 1992, wapigakura walikuwa wameshapanga foleni mara moja bila mafanikio, na wengi walipoteza siku ya pili ya kibarua ili warudi kituoni. Walirudi, na wakamchagua mtu wa upinzani. Augustine Mrema, mwenyekiti wa NCCR-Mageuzi, alikuja kushinda uchaguzi mdogo wa Temeke mwaka uliofuata, Oktoba 1996, na ushindi huo unakumbukwa na kila mtu kwa sababu Mrema alikuwa Mrema. Ubungo ilitangulia.

Ubunge wa Lamwai ulikumbana na jambo ambalo nalo limesahaulika. Mwaka 1996 serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji na kuweka Tume ya Jiji, iliyofanya kazi hadi mwaka 2000, ambapo manispaa tatu za Kinondoni, Ilala na Temeke zilichukua nafasi yake. Kwa muda wote huo mbunge wetu aliwakilisha wananchi ambao hawakuwa na madiwani. Ukiwa na shida ya daraja la miti lililosombwa na mvua, hukuwa na diwani wa kumwendea. Ulikwenda kwa mbunge, au ulikwenda mjini kwenye ofisi za Tume. Lamwai alikuwa mtu wa hoja, na alikuwa mkali wa sheria kuliko wa harambee, jambo ambalo watu wa huku juu tuliotaka barabara kwanza hatukulipenda siku zote. Baadaye alihamia CCM, na alifariki dunia mwaka 2020. Nilitazamia kwamba katika siku za msiba wake mtu angejitokeza kusema huku mitaani kwetu kwamba huyu alikuwa mbunge wetu wa kwanza wa vyama vingi. Nilisikia watu wakimtaja kama wakili.

Mwaka 2000 jimbo liligeuka likamchagua Charles Keenja wa CCM, na mtu akitaka kujua kwa nini, jibu lipo kwenye mstari niliotangulia kuuandika: Keenja ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ile Tume ya Jiji. Wakazi walikuwa wameona malundo ya taka yakiondolewa na barabara za ndani zikikarabatiwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Ubungo ilipata kituo kikuu cha mabasi ya mikoani, kituo ambacho kwa miaka zaidi ya 20 kililijulisha jina la Ubungo kwa kila Mtanzania aliyewahi kupanda basi kwenda Arusha, Mbeya au Mwanza. Watu wakasema, huyu tumemwona kazini, apewe. Rais Mkapa akamteua kuwa Waziri wa Kilimo na Chakula, wadhifa alioushika hadi mwaka 2005, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, jimbo lilipoanza kumpoteza. Waziri wa kilimo ana nchi nzima ya kuizungukia, na tatizo la Kimara na Mbezi halikuwa mbolea. Lilikuwa maji.

Uchaguzi wa Desemba 2005 Keenja alishinda tena, akimshinda miongoni mwa wengine kijana wa CHADEMA aliyeitwa John Mnyika. Wazee wengi wa rika langu hatukumtilia maanani. Miaka mitano baadaye kijana huyo alirudi, na safari hii watu walikusanyika kwa maelfu nje ya Shule ya Sekondari ya Loyola, kulikokuwa kituo cha kujumlisha matokeo, wakikesha hadi matokeo yalipotangazwa na Mnyika akathibitika kumshinda Hawa Ng’humbi wa CCM. Matokeo hayo yalipelekwa mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ushindi ulikuwa halali.

Nimetaja maji, nami sitaki kulipita jambo hilo juu juu, maana ndilo lililounganisha Manzese na Kibamba kuliko chama chochote. Katika mitaa yetu yalifukiwa mabomba ambayo wananchi waliyaita mabomba ya Wachina, kwa kuwa waliyaona yakilazwa na mafundi kutoka China. Kwangu bomba lilifika mpaka kwenye kona ya ukuta, likawekwa mita na koki mpya inayong’aa. Kwa miaka kadhaa koki ile ilitoa upepo. Ukiifungua usiku wa manane ilikoroma kidogo, kisha ikanyamaza, na mke wangu akawa anaitumia kutundikia tambara la jikoni, huku madumu yetu yakijazwa kwa maji ya boza au ya kisima cha jirani. Mnyika aliishika hoja hiyo kwa nguvu. Februari 2013 alipeleka bungeni hoja binafsi kuhusu maji ya Dar es Salaam, nayo ikaondolewa kabla haijafikishwa mwisho wake, na bunge likaingia katika vurugu ambazo magazeti yaliziandika kwa siku kadhaa. Ziliandikwa vurugu zaidi kuliko maji. Mimi nilisikiliza redioni siku hiyo nikiwa na daftari, kama nilivyozoea tangu ualimu, nikaandika kila eneo lililotajwa.

Julai 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi chini ya Jaji Damian Lubuva ilitangaza majimbo mapya 26 nchini, na Kibamba likiwa mojawapo. Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume mamlaka hayo kwa kibali cha Rais, na inataka mipaka ya majimbo ichunguzwe angalau kila baada ya miaka 10, hivyo hakuna kilichovunjwa. Lakini ilikuwa miezi mitatu tu kabla ya kupiga kura. Sisi wa Malamba Mawili tulijua kwamba tumekuwa watu wa Kibamba kutoka kwenye redio, na wapo majirani zangu waliokwenda kwenye mikutano ya kampeni ya wagombea wa Ubungo hadi wiki ya mwisho, wakiuliza maswali kwa watu ambao wasingeweza kuwapigia kura. Mnyika aligombea Kibamba akashinda, na Ubungo iliyobaki ikamchagua Saed Kubenea, mwandishi wa habari, naye wa CHADEMA. Mwaka 2020 majimbo yote mawili yalikwenda CCM, Ubungo kwa Profesa Kitila Mkumbo na Kibamba kwa Issa Mtemvu.

Hapa ndipo lilipo dai langu, nami naomba nieleweke. Jimbo linapogawanywa, ahadi nazo hugawanywa, na mara nyingi hubaki katikati bila mwenyewe. Mtambo wa Ruvu Juu uliozinduliwa mwaka 2017 baada ya upanuzi, ukatoka uwezo wa lita milioni 82 hadi lita milioni 196 kwa siku, ulikuwa jibu la kilio cha jimbo ambalo halikuwapo tena. Maji yalipotoka kwenye koki yangu, vijana wa mtaa waliniambia ni matunda ya fulani, wengine wakasema ni ya fulani mwingine, na hakuna aliyeweza kusema kilio kilianza lini, kilipelekwa na nani, na wakati huo sisi tulikuwa jimbo gani. Mwaka huo huo nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Waathirika walikuwa wa majimbo mawili, ilhali historia yao ya kuomba, kuandika barua na kuahidiwa ilikuwa ya jimbo moja la zamani. Nilimsindikiza jirani mmoja kwenye ofisi fulani ya umma kutafuta ramani ya jimbo la kabla ya 2015 ili aonyeshe kwamba barua zake za zamani zilihusu eneo lile lile. Karani alitujibu kwa upole kwamba wao wana ramani za sasa tu. Jirani yangu alikunja bahasha yake, tukarudi.

Naiomba Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, pamoja na kutangaza majimbo mapya, iweke mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kufika ramani za majimbo ya zamani ya Dar es Salaam kuanzia yale saba ya 1995, orodha ya kata zake na matokeo ya ubunge ya kila uchaguzi, ukiwamo ule uliofutwa na ule uliorudiwa. Kazi hiyo ianze na Ukonga na Mbagala sasa hivi, wakati wasimamizi wa uchaguzi, madiwani wa zamani na wenyeviti wa mitaa wanaokumbuka mipaka bado wako hai, kwa kuwa kwa upande wa Ubungo wengi wao nimekwisha kuwazika.

Kwa Halmashauri ya Manispaa ya Ubungo, iliyozaliwa baada ya wilaya yetu kutengwa na Kinondoni mwaka 2016, ombi langu ni dogo na la gharama ndogo. Manispaa hiyo kwa bahati njema ina mipaka inayojumuisha kata zote 14 za majimbo hayo mawili, yaani kwa kiasi kikubwa ni jimbo la zamani lililorudi kwa jina la wilaya. Ubao mmoja wa mbao kwenye ukumbi wake, wenye majina ya Lamwai, Keenja, Mnyika, Kubenea, Mkumbo, Mtemvu na watakaofuata, na miaka yao, na ramani mbili chini yake, ile ya kabla ya 2015 na ya baada yake, ungetosha kumjibu yule kijana wa kwenye benchi. Vyama visiingizwe katika uamuzi huo. Hao wote walichaguliwa kwa kura zetu, tuliowapenda na tuliowachoka.

Nanyi magazeti, ndugu Mhariri, mnapoandika kwamba fulani alikuwa mbunge wa Ubungo, tafadhali ongezeni Ubungo ya mwaka gani. Msomaji wa Goba anayeambiwa kwamba Goba haikuwahi kuwa Ubungo anaonyeshwa kwamba kura zake za miaka 20 hazikupigwa.

Lile daftari langu ninalo bado. Lina mambo ya mikutano ya hadhara niliyohudhuria tangu 1995, majina ya vituo vya kupigia kura vya upande wa Mbezi kabla kata hazijagawanywa, na maeneo yaliyotajwa katika ile hoja ya maji. Kurasa kadhaa zimeliwa na mchwa pembeni lakini zinasomeka. Ofisi yoyote ya kata, maktaba au mwanafunzi wa historia atakayependa kulinakili, nitamkaribisha nyumbani, akae barazani anakili kwa nafasi yake.

Mwalimu mstaafu,
Malamba Mawili, Mbezi,
Dar es Salaam